Joto Limeishia Wapi?

Mhadhara kwa wananchi wa Issuna, mkoani Singida



Nilipoletewa mwaliko wa kuja kuzungumza juu ya maji ya moto majumbani, nilijiuliza kama walioniita hawajakosea mtu. Huku kwetu uwanda wa kati, anayesimama kuzungumza habari za maji hutarajiwa kueleza yatapatikana wapi, si yatapashwaje. Jana nimelala hapa Issuna, na kufika saa kumi ya usiku nikaelewa. Upepo ulikuwa unaingia kwenye pembe za bati kama mtu anayepiga mluzi akitafuta mlango. Asubuhi mwenyeji wangu aliniletea ndoo ya maji ya moto, akaomba radhi kwamba shawa "imekufa". Nikamwomba nione maiti. Ilikuwa hai kabisa, nitaieleza baadaye.

Barabara hii inayotoka Manyoni kwenda Singida mjini imeleta nyumba za wageni, na nyumba za wageni zimeleta mitambo ya maji ya moto. Kuna sola juu ya bati, kuna shawa za umeme, kuna hita za tangi, na kuna lile pipa la zamani linalopikwa kwa kuni. Mimi nimeitengeneza yote kwa zaidi ya miaka thelathini, nikakosea mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kilichobaki mkononi mwangu baada ya makosa hayo ni kitu kimoja: mahali unapoona baridi sipo palipo na kosa. Bomba la bafuni linalalamika tu. Ukitaka kujua, rudi nyuma, ufuate njia ya maji mpaka kwenye moto, na njiani uwe unashika kwa mkono.

Nianze na pipa, kwa sababu ndani yake somo zima linaonekana kwa macho.

Enzi za mkoloni, na miaka mingi baadaye, nyumba za maofisa, za misheni na za mashamba zilipata maji ya moto kutoka nje ya ukuta wa jikoni. Pipa la mafuta la lita 200 lililazwa juu ya kuta mbili fupi za matofali, likakandikwa udongo, chini yake zikawashwa kuni. Wazungu waliliita boila ya Tanganyika. Zipo kambi za watalii zinazolitumia mpaka leo na kulipigia picha, na zipo nyumba nilizoingia ambako watoto wanalikalia bila kujua lilikuwa nini.

Pipa hilo halina pampu wala umeme. Maji baridi yanashuka kutoka tangi lililo juu, yanaingia pipani upande wa chini. Yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapanda mgongoni mwa pipa, na hapo ndipo linapotokea bomba la kwenda bafuni. Unapofungua bomba bafuni, maji ya moto hayavutwi. Yanasukumwa na yale baridi yanayoingia kutoka tangini. Kwa hiyo tangi likikauka, maji ya moto hayatoki, hata kama pipa limejaa pomoni na linatokota. Hili linawachanganya watu sana. Wanaona bomba halitoi kitu, wanadhani moto haujakolea, wanaongeza kuni. Nimekuta hivyo mara mbili, na mara ya pili pipa lilikuwa linaunguruma kama lori linalopanda mlima. Mwenye nyumba ananiambia kuni za siku hizi hazina nguvu! Nikampandisha ngazi akachungulie tangi. Lilikuwa na mjusi tu.

Kuna bomba la tatu kwenye pipa, na hilo ndilo ninaloliangalia kabla sijagusa kitu chochote. Linatoka juu ya pipa, linapanda wima, linapita usawa wa maji ya tangini, na mdomo wake uko wazi hewani. Sisi mafundi tunaliita bomba la pumzi. Lita 200 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinatanuka kwa karibu lita 3, na lita hizo lazima ziwe na pa kwenda. Maji yakichemka, hali ni nyingine kabisa: lita moja ya maji inakuwa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Hapa tulipo, kwenye uwanda unaokaribia mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, mapema kidogo kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo msijidanganye kwamba kipimajoto bado hakijafika 100. Bomba la pumzi likizibwa na nyigu waliojenga humo, au na mtu aliyechoshwa na matone akapigilia kizibo cha gunzi, lile pipa si boila tena, ni bomu lililo nyuma ya jiko. Likiwa wazi lakini fupi kuliko usawa wa tangi, litamwaga maji usiku na mchana, na hapo ndipo mtu anapopata hamu ya kuliziba. Dawa ni kulirefusha.

Kosa jingine la pipa ni hewa. Bomba la maji ya moto likitoka kwenye pipa, likapanda ukuta, likapita juu ya mlango, halafu likashuka tena kwenda bafuni, pale juu ya mlango hewa itajikusanya na kukaa kama mgeni asiyeaga. Maji ya tangi lililoinuliwa mita 2 tu hayana nguvu ya kumtoa. Kila mita ya kimo inakupa sehemu moja ya kumi ya baa, basi. Mita 2 ni mbili ya kumi. Utasikia bomba likikohoa, likitoa kidogo, likinyamaza. Wengi hapo hununua bomba jipya la bafuni. Chukua mpira wa bustani, unganisha bomba lenye nguvu na bomba la maji ya moto, sukuma maji yarudi nyuma mpaka usikie mapovu kule tangini. Ukishamaliza, panga fedha za kulishusha lile bomba la juu ya mlango, maana hewa itarudi.

Na kuni? Hesabu yake ni fupi. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunataka megajuli 33 na nusu. Kilo moja ya kuni kavu ina megajuli 16 hivi. Hata kama robo tu ya moto huo itaingia majini na robo tatu ikaondoka na moshi, kilo 8 au 9 zingetosha. Ukiona nyumbani mwako zinaingia kilo 25, usimlaumu anayechochea. Angalia kama kuni ni mbichi, kwa kuwa moto utakuwa unakausha kuni kwanza ndipo upashe maji. Angalia masizi tumboni mwa pipa. Angalia udongo uliolifunika kama umepasuka ukadondoka. Hapa Singida miti haituzidi hata tuichezee.

Niruhusuni nitoke nje ya njia kidogo. Vijana huniambia kwamba kupasha nyumba kwa mtambo mmoja ni mambo ya Ulaya. Nawapeleka Unguja. Mji Mkongwe kuna mtaa unaitwa Hamamni, na umeitwa hivyo kwa sababu ya hamamu aliyoijenga Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Kazi aliisimamia Haji Gulamhussein, na hamamu ilikuwa ya watu wote, kwa malipo. Ndani kulikuwa na chumba cha moto ambacho joto lake lilitoka chini ya sakafu. Moto ulikuwa mahali pamoja, joto likasafiri chini kwa chini, mtu akakanyaga jiwe lenye joto bila kuona mwali. Leo ukiingia utakuta vyumba vikavu na mwangwi. Huwa nikienda Unguja naingia pale, nasimama kwenye sakafu ile baridi, najiuliza fundi wa siku zile alikuwa akiitwa akaambiwa "leo hamamu haina moto", alianzia wapi. Nadhani alianza kwa kuvua viatu na kutembea juu ya sakafu, jiwe kwa jiwe, mpaka pale joto lilipokatika.

Nina mpwa wangu anaishi Uingereza, mji wa Leicester. Huko mtambo wa namna ya Hamamni uko kila nyumba: boila moja ya gesi inapasha maji, maji yanazunguka kwenye vyuma vilivyobandikwa ukutani kila chumba, yanarudi kupashwa tena. Januari moja alinipigia simu usiku.

"Mjomba, shikamoo. Tunaganda huku."

"Marahaba. Chuma kipi cha baridi?"

"Cha chumba cha watoto. Fundi anataka pauni nyingi kuja tu kutazama."

"Kishike juu, halafu chini. Niambie."

Alikwenda, akarudi. Juu baridi, chini moto. Nikamwambia ni hewa, atafute ufunguo mdogo wa kile kidude cha pembeni, afungue nusu mzunguko huku ameshika kitambaa, hewa ikimaliza kufoka na maji yakaanza kutoka afunge. Kisha atazame saa ya mgandamizo kwenye boila. Mtambo ukiwa umepoa inatakiwa isome kati ya baa 1 na 1 na nusu, na akitoa hewa itashuka, aongeze maji. Kama angeniambia chuma ni moto juu na baridi chini, ningejua ni tope la kutu limelala, na hilo si la kuondoa kwa ufunguo. Sijawahi kukanyaga Leicester. Nilichokuwa nacho ni kiganja chake.

Sasa nije kwenye kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja ya wageni, mkoa mwingine, nisiutaje. Hita ya tangi, lita 80, kilowati 2. Malalamiko: maji yanatoka vuguvugu, hayazidi hapo, hata hita ikiwashwa usiku kucha. Nikapima elementi, ikaonekana imechoka kidogo. Nikabadilisha. Siku mbili, nikaitwa tena. Nikabadilisha themostati. Wiki moja, nikaitwa tena, na safari hii mwenye nyumba alikuwa amenuna. Nikaweka elementi ya pili, mpya kutoka kwenye boksi, nikamwonyesha na boksi. Maji vuguvugu.

Aliyenitoa aibu ni dada mfanyausafi. Akasema, "Fundi, mbona chumba namba nne bomba la moto linatoa maji hata mkilifunga kule kwenye hita?" Nilisimama kama niliyepigwa kofi. Nilifunga koki ya maji yanayoingia kwenye hita, nikafungua bomba la moto. Kwa haki, yangetakiwa yatoke kidogo yakakatika, kwa kuwa hakuna cha kuyasukuma. Yakaendelea kutoka, kwa nguvu, baridi kama ya mtungini. Yalikuwa yanatoka wapi?

Chumba namba nne kilikuwa na bomba la kuchanganyia, lile la mkono wa kulia baridi na kushoto moto, na kichwa cha shawa chenye kitufe. Mgeni alikuwa amefungua pande zote mbili, akazima kwa kitufe cha kichwani, akaondoka zake. Humo ndani moto na baridi vilikuwa vimefunguliwa vikitazamana. Baridi ilitoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaani, lenye nguvu. Moto ulitoka kwenye hita inayolishwa na tangi la darini, lisilo na nguvu. Mwenye nguvu akaingia kwa mnyonge. Nyumba nzima ikawa inaoga maji ya hita yaliyochanganywa na maji ya baridi kutoka chumba kimoja, na mimi nilikuwa chini nikibadili elementi nzima nzima. Nilizirudisha fedha za elementi ya pili. Ya kwanza, kusema kweli, sikuirudisha. Ilikuwa imechoka kweli.

Tangu siku hiyo, kabla ya kufungua sanduku la spana, ninafunga maji yanayoingia kwenye hita na kufungua bomba la moto moja moja. Kipimo hiki hakina gharama, mtoto wa darasa la tano anaweza kukifanya, na ninawasihi mama zangu mkifanye kabla ya kumwita fundi, kwa sababu fundi atakuja na elementi mfukoni.

Tuje kwenye sola, ambayo kwa Issuna ndiyo ingefaa kuwa mfalme. Mwaka 1909 huko Kalifornia, William J. Bailey alipata wazo la kutenganisha paneli na tangi: paneli chini inakamata jua, tangi juu limefungwa nguo ya kutunza joto. Maji yanapanda yenyewe kutoka kwenye paneli kwenda tangini kwa sababu ileile ya pipa, moto unaelea. Mpaka leo sola nyingi za juu ya mapaa yetu zinafanya kazi kwa ujanja huohuo.

Nimepita hapa barabarani nikitazama mapaa. Nimeona paneli zimegeukia kusini. Kijitabu kinachokuja na mtambo kinasema "elekeza kusini", na ni kweli kwa aliyekiandika, kwa kuwa yuko kaskazini ya dunia. Sisi tuko nyuzi 5 na kitu kusini mwa ikweta. Tunapohitaji maji ya moto kuliko wakati wowote, Juni na Julai, jua liko mbali upande wa kaskazini. Tarehe 21 Juni, saa sita mchana, limeinama karibu nyuzi 29 kutoka utosini. Paneli iliyolazwa nyuzi 15 kuelekea kaskazini inalitazama jua hilo karibu uso kwa uso. Ileile ikielekezwa kusini inalitazama kwa pembeni, na inapoteza kama robo ya mwanga unaoipiga. Robo hiyo ndiyo tofauti ya kuoga na kunawa. Inanitia uchungu, kwa sababu anayeshutumiwa ni mtambo: "sola za siku hizi feki." Fungua boliti nne, igeuze.

Malalamiko mengine ya sola ni haya: jioni maji ni moto mpaka yanaunguza, alfajiri ni baridi, na hakuna aliyeoga usiku. Tangi likiwa na nguo nzuri halitakiwi kupoa hivyo kwa usiku mmoja. Yamekwenda wapi? Mara nyingi yamerudi kwenye paneli. Mbingu za Singida wakati wa kiangazi hazina wingu, na usiku paneli inapoa kuliko hata hewa iliyoizunguka. Kama tangi limekaa usawa mmoja na paneli, maji yaliyopoa kwenye paneli yanazama, yanavuta ya moto kutoka tangini, na mtambo unageuka, unafanya kazi usiku kucha kupasha anga. Tako la tangi linatakiwa lipite kichwa cha paneli kwa sentimita 30 hivi. Mafundi wa haraka hawapendi, wanasema tangi likipanda halipendezi. Nyumba haiogi kwa kupendeza.

Wenye mirija ya kioo, tazameni mwisho wa chini wa kila mrija. Kuna rangi ya fedha, kama kioo cha kujitazamia. Mrija uliopoteza ombwe lake, rangi hiyo inageuka nyeupe kama maziwa, na mrija huo haushiki joto tena. Utajua ni upi wa kubadilisha ukiwa umesimama chini tu. Na tangi likikauka mchana, usijaze maji saa saba jua likiwaka. Subiri alfajiri. Mrija wenye moto ukipata maji baridi unapasuka kama glasi ya chai.

Umeme nitaupitia kwa haraka kidogo, ila mahali pawili nitasimama.

Shawa ya mwenyeji wangu iliyokuwa "maiti" ni ya kilowati 5. Zilizagaa kwanza Brazili, zikafika huku kwetu kwa sababu ni rahisi na hazitaki tangi. Kilowati 5 zikipita kwenye maji yanayotoka lita 3 kwa dakika zinayapandisha nyuzi 24. Yakiingia na 18 yanatoka na 42, raha mustarehe. Yakitoka lita 6 kwa dakika yanapanda nyuzi 12 tu, yanatoka na 30, nawe unatetemeka. Yeye alikuwa amefungua koki mpaka mwisho, akiamini maji mengi ndiyo joto jingi. Nilichukua ndoo ya lita 10 na simu yenye saa. Ilijaa kwa dakika moja na nusu. Nikapunguza koki mpaka ikajaa kwa dakika tatu na nusu, akaingia kuoga, akaanza kuimba. Lakini msipunguze kupita kiasi, maana ndani kuna kiwambo kinachosukumwa na maji ndipo umeme uwake. Maji yakiwa manyonge hakiinuki, na shawa itatoa baridi tupu.

Hita ya tangi ina jambo lake na umeme mdogo wa jioni. Nyaya kubwa za kilovolti 400 kutoka Iringa kwenda Shinyanga zinapita mkoa wetu, lakini nyumbani kwako, mwisho wa laini, saa mbili usiku kila mtu akipika, volti zinaweza kushuka. Na nguvu ya elementi haishuki sawasawa na volti, inaporomoka zaidi. Elementi ya wati 2,000 kwenye volti 230 inabaki na wati 1,225 hivi kwenye volti 180. Lita 80 zilizokuwa zikichukua muda wa saa 2 zitachukua zaidi ya saa 3. Mtambo ni mzima. Washeni alfajiri.

Hapa ndipo ninaposimama mara ya kwanza: maji yetu. Visima vingi vya Singida vina maji ya chumvi na chokaa iliyoyeyuka. Yakipashwa, chokaa inaacha maji inajishika kwenye elementi, ukoko mweupe kama ule wa birika. Elementi inakuwa imevaa blanketi: yenyewe inaungua ndani, maji nje yanachelewa. Utaisikia ikinguruma na kupasuka-pasuka kama bisi. Itoe, iloweke kwenye siki au ndimu, usiikwangue kwa kisu. Ndani ya tangi kuna pia fimbo ya magnesi iliyowekwa iliwe na kutu badala ya tangi. Kwa maji ya chumvi inaisha upesi, na ikiisha, tangi ndilo linalofuata. Nimeulizwa mara nyingi kama kuchemsha kunaondoa floraidi, ambayo kwenye baadhi ya visima vya mkoa huu inazidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani. Hapana. Maji yanapungua, floraidi inabaki, inakolea. Kuogea hakuna neno. Ya kunywa yatafutieni njia nyingine.

Mara ya pili ninasimama kwenye kifo. Kwenye shawa nyingi za umeme ule waya unaowaka umo ndani ya maji, uchi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua. Ukishika bomba ukahisi linakung'ata kidogo vidoleni, usicheke, usivae ndala ukaendelea. Zima kwenye swichi kuu, umwite fundi umeme akague ethi. Kilowati 5 zinavuta karibu ampea 22, na waya wa taa wa milimita 1.5 hauzibebi; utaukuta umelainika ukutani. Na ile valvu ya usalama inayodondosha matone wakati hita inapasha, iacheni idondoshe. Lita 80 zikipashwa vizuri zinatanuka zaidi ya lita moja, na hapo ndipo zinapotokea. Nimekuta valvu imezibwa kwa kipande cha mti na kufungwa mpira wa baiskeli juu, kazi safi sana, ya mtu mwangalifu. Nilitoa watu wote nje kabla ya kuigusa.

Limebaki joto la chumba chenyewe. Wazee walioishi kwenye tembe wanajua ninachotaka kusema. Paa la udongo linakunywa jua mchana kutwa na kulirudisha taratibu usiku. Bati halitunzi kitu; saa kumi usiku limekwishapoa kuliko hewa ya nje, na umande unadondoka kutoka upande wa ndani. Sisemi turudi kwenye tembe, mchwa na mvua ninavijua. Ninasema anayelalamikia baridi ndani ya nyumba ya bati aangalie juu kabla ya kuangalia ukuta: dari, hata ya mbao nyepesi, inafanya kazi kuliko blanketi la tatu.

Asichoruhusiwa ni kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, usio na moshi, ndio unaodanganya. Unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inaishika damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni inavyoishika. Mtu anasikia kichwa kizito, usingizi mtamu, basi. Hili halina kushika bomba wala kupima kwa ndoo. Jiko lilale nje.

Nimetumia muda wenu. Kabla hatujaketi, mama mmoja aliyekaa pale mstari wa tatu aliniambia sola yake ina tabia ileile niliyoieleza: jioni moto, alfajiri baridi. Amekwisha nunua valvu mpya, anataka niifunge kesho. Mama, valvu iweke kabatini kwanza. Usiku huu asifungue mtu bomba lolote la moto nyumbani kwako. Nitapita saa kumi na moja alfajiri, jua halijatoka, na kijana mmoja wa kunishikia ngazi. Nitashika bomba la juu, lile linalounganisha kichwa cha paneli na tangi. Likiwa na uvuguvugu, tutapandisha tangi. Likiwa baridi kabisa, nitaomba kuzungumza na yule mwanao anayerudi saa sita usiku.